Tulipakia velo asubuhi, avenue nzima ikaanza kufunga mizigo: safari yetu ya baiskeli na watoto, Goma mpaka Idjwi

Wakuu wa jukwaa, bandugu na badada, ninawasalimia wote kutoka huku Goma kwenye vumbi jeusi.

Naanza na hasira kidogo, mutanizoea.

Juzi kuna ndugu mmoja aliuliza hapa namna ya kupanga safari ya baiskeli na familia, ya kulala njiani, na watoto wadogo. Mulimufanya nini? Mulimucheka. Mmoja akasema hizo ni mambo za wazungu. Mwingine akasema mutu mweusi akionekana na watoto juu ya baiskeli, ujue gari imeuzwa. Yule ndugu akafuta swali lake, akapotea.

Sasa mimi nimekuja kumujibu, popote alipo. Mimi sifuti kitu. Nitakayoandika nimeyaishi na bwana yangu na watoto wangu, na sina faida yoyote ya kudanganya watu nisiowajua sura.

Kiswahili changu ni cha Goma, kina mutu na mutoto, njo badala ya ndiyo, ao badala ya au, fasi badala ya mahali, na Kifaransa kinaingia bila kubisha. Atakayecheka acheke, akimaliza aendelee kusoma.

Tunaishi Katoyi, nyumba ya mbao kama nyumba nyingi za huku. Watu wananiita Mama Neema. Neema ni mukubwa wangu, yuko sixième primaire, darasa la sita, mutoto wa maneno mengi kama mama yake. Nyuma yake kuna Bahati, yuko deuxième, la pili, yeye ni wa kunyamaza. Bwana yangu, Papa Neema, ni karani kwenye agence moja ya mabato, yaani meli za ziwa, pale bandarini. Hiyo kazi yake muikumbuke, itatuletea balaa mbele.

Sasa sababu ya safari. Sababu ni viatu vya Bahati.

Ile wiki ya mabomu, nyinyi muliisikia kwenye redio. Mimi niliisikia kwenye bati la nyumba yangu. Tulikimbia alfajiri. Papa Neema alifunga godoro na sufuria juu ya velo yake, yaani baiskeli, Neema akabeba bidon ya maji, mimi nikamushika Bahati mukono nikamuvuta. Alikuwa pekupeku. Hapakuwa na muda wa kutafuta viatu, na mutu aliyewahi kukimbia hataniuliza kwa nini.

Wasiojua Goma niwaambie: chini kwetu ni mawe ya volkano, meusi, yanakata. Yule mutoto aliyatembea mpaka nyayo zikatoka damu, na hakulia. Hilo la kutolia ndilo linaniuma mpaka leo.

Tulirudi. Nyumba tuliikuta imesimama, Mungu asifiwe. Lakini tangu hapo Bahati analala na viatu. Vile vyeusi vya masomo, na kamba amezifunga kabisa. Nikimuvua, ananingoja nitoke, anavivaa tena. Nimemubembeleza, nimemukaripia, hata biskuti nimemuahidi. Wapi!

Na akiona mutu yeyote anafunga muzigo, anauliza, "Mama, tunakimbia?" Jirani akifunga gunia la makala, makaa ya kupikia, anauliza. Papa akifunga kartoni ya vitabu vya zamani aiweke juu ya kabati, anauliza.

Hapo njo nilikasirika, wakuu. Si juu ya mutoto. Nilikasirika kwamba mutoto wangu amefika umri huu na hajui kwamba mutu anaweza kufunga mizigo kwa furaha. Kwake, godoro likipanda juu ya velo ni kifo kinakuja. Nani alimupa somo hilo? Si mimi. Basi sikukubali libaki kichwani mwake.

Nikamuambia Papa Neema, "Tutachukua velo ile ile, godoro lile lile, sufuria ile ile, na tutaenda kutembea. Tutalala njiani, tutacheka. Halafu tutarudi. Nataka aone kurudi."

Papa Neema ni mutu wa pole. Akasema, "Mama Neema, umechoka?"

Nikamuambia sijachoka, nimekasirika. Akasema basi sawa, maana anajua mimi nikikasirika kazi inatendeka.

Matayarisho sasa, na hapa yule ndugu aliyefuta swali akae karibu.

Kwanza ni njia. Papa Neema alitamani Vitshumbi, kwa sababu baba yake alifanya kazi kule na alikuwa anamusimulia samaki za ziwa Edouard. Nikamukatalia. Na wale munaoandaa vidole vyenu kuniuliza "na usalama?", jibu ni hilo: barabara ile sasa hivi si ya watoto, tukaiacha. Kuwa na kichwa ngumu si kuwa mujinga. Tulichagua Idjwi, kisiwa cha katikati ya ziwa Kivu, nilikozaliwa mimi. Kule kumetulia. Unapanda bato Goma, unashukia upande wa kaskazini, na mama yangu anaishi kusini kabisa. Moto, yaani pikipiki, ingekufikisha siku hiyo hiyo. Sisi tulitaka polepole, na kulala kwa watu tunaowajua njiani.

Pili ni velo. Ya Papa ilikuwepo. Yangu niliazima kwa mudogo wangu. Ya Neema tulinunua ya okazio, yaani mutumba, breki zinalia lakini zinakamata. Bahati akapangiwa porte-bagage ya Papa, kile chuma cha nyuma. Hapo musifanye uvivu: fundi alichomelea vyuma viwili vya kuwekea miguu, na kipande cha bati pembeni, muguu wa mutoto usiingie kwenye spoku. Juu akaweka sponji. Mubebe pompi, viraka na gundi, na chambre à air, mupira wa ndani, ya akiba, maana mawe yetu yanakula mipira bila huruma.

Tatu ni mazoezi. Kila Dimanche baada ya misa tulizunguka mpaka Katindo na kurudi. Mutoto njo anaamua mwendo. Ukimukimbiza, kesho yake anakuambia tumbo linauma, na wewe unajua si tumbo.

Na mimi mwenyewe, muke wa mutu, na pantalon, yaani suruali, juu ya velo! Weee, walisema. Wifi yangu alipiga simu kuuliza kama kaka yake bado ananitunza. Kule Katindo mwendesha moto mmoja alipunguza mwendo, akaniambia, "Mama, bwana amekufukuza na velo yake?"

Nikamujibu, "Ndiyo, na nimechukua ile nzuri."

Abiria wake alicheka mpaka akashika kofia.

Kila kitu kilienda vizuri mpaka siku ya kujaribu mizigo.

Tuliona ni akili kupakia kila kitu mara moja, tutoke mpaka mwisho wa avenue, mutaa wetu, na kurudi, tusikie uzito. Na kwa sababu Papa Neema anaingia kazini mapema, tulifanya kumekucha tu. Godoro lilikunjwa, tukalikaza na kamba za mpira nyuma yangu. Sufuria na mufuniko wake, mukeka, bidon, unga. Watoto walikuwa na usingizi, hakuna aliyesema neno. Tukafungua mulango wa parcelle, wa uwanja wetu, polepole, tusiamushe majirani. Tuliona tunafanya adabu.

Ng'ambo ya njia anaishi Mama Sifa. Ni mama wa kutoka vilima vya Masisi, alikimbia kwao na watoto wake, akajenga hapa upya. Alikuwa anafagia. Nikamusalimia. Ufagio ukasimama. Hakuitika. Akatuangalia, akaangalia godoro, akaingia ndani.

Nikasema moyoni, leo Mama Sifa ameamuka vibaya.

Tulifika mwisho wa avenue, tukageuza. Eh Yesu! Milango yote wazi. Papa mmoja godoro kichwani. Mwenye duka, ambaye tulimupita akifungua, sasa anafunga. Wamama wanavuta nguo mbichi kwenye kamba na kuzitupa kwenye beseni. Watoto wanalia. Wengine walikuwa wameshashika njia ya kuelekea mupaka wa Rwanda.

Nikamuambia Papa Neema, "Kuna nini?" Na niliuliza kwa woga wa kweli! Nilidhani wamesikia kitu ambacho sisi hatujasikia. Tulisimama pale katikati ya njia, sisi tunawaogopa wao, wao wanatuogopa sisi.

Mama Sifa akatokea na mufuko mugongoni na mutoto kila mukono.

"Mama Neema, njo vile? Papa anafanya bandarini, munapata habari mbele ya watu, na munaondoka kimya kimya bila kutuambia? Mimi nilikupa chumvi jana!"

Nikamuambia, "Hapana, Mama Sifa, hakuna habari. Tunaenda kutembea!"

"Kutembea na sufuria?"

Niambieni nyinyi, ningejibu nini? Goma hii, nani alishaona familia inatoka alfajiri, kimya, na godoro juu ya velo, halafu inaenda kutembea? Sisi wenyewe, tungeona jirani hivyo, tungekuwa tumeshafika mupakani.

Papa Neema alianza kupaza sauti, "Ni vakanse! Bandugu, ni vakanse!" Yaani likizo. Na yeye sauti hana. Ilichukua muda mpaka watu wakasimama, na wale waliotangulia kuelekea mupaka wakapigiwa simu. Walirudi na hasira zao zote, na walikuwa na haki.

Chef wa avenue, mukubwa wa mutaa, akaja. Ni muzee wa heshima, kofia yake haimutoki. Hakupiga kelele. Alisema mbele ya watu wote, "Papa Neema, wewe ni mutu wa akili. Umetia hofu kwa watu ambao hofu haijawatoka. Fungua hiyo mizigo. Sitaki kuiona tena juu ya hizo velo."

Bwana yangu alifungua kamba moja moja, avenue nzima inamuangalia. Sijawahi kumuona na aibu vile.

Halafu nikauliza, Bahati yuko wapi?

Alikuwa ameruka kutoka porte-bagage tuliposimama, akakimbilia ndani. Nilimukuta chumbani, amekaa pembeni ya kitanda. Amevaa mashati matatu, moja juu ya lingine, vifungo mpaka shingoni. Suruali juu ya suruali. Viatu miguuni. Mufuko wa masomo mugongoni. Wanaojua wanajua: ukikimbia unavaa nguo zako, mikono ibaki huru.

Akaniambia, "Mama, niko tayari."

Nililia. Nasema wazi, nilikaa chini kwenye mbao nikalia.

Jioni, tukiwa tunakula, Papa Neema akasema yaliyokuwa moyoni. "Tuache, mama ya watoto. Tulitaka kumutoa woga, tumemuongezea. Na majirani tumewaumiza. Tuache."

Nilikuwa karibu kukubali, na kukubali kulikuwa kunaniua. Kwa sababu kama tungeacha pale, basi Bahati alikuwa na haki: godoro juu ya velo ni kukimbia, na hakuna kingine, mpaka azeeke.

Kesho yake nikafua yale mashati matatu. Nilipokuwa nayaanika, mukono ukasimama juu ya kamba. Nikakumbuka wale wamama na nguo mbichi. Jambo la kwanza walilofanya ni kuvuta nguo. Hakuna mutu anakimbia akaacha nguo zake nzuri kwenye kamba.

Na Mama Sifa alilalamika nini? Hakulalamika kwamba tunaondoka. Alilalamika kwamba tunaondoka bila kumuambia.

Niliacha beseni pale pale, nikaenda kwa chef wa avenue na mikono ya sabuni. Nikamuambia, "Muzee, nisamehe kwa jana. Lakini niulize kitu. Unanikataza kuondoka, ao unanikataza kuondoka bila kuaga?"

Akavua kofia, akajikuna kichwa, akairudisha. "Bila kuaga," akasema.

"Basi nimekuja kuaga."

Akacheka, yule muzee. Akaniuliza tunaenda wapi, nikamuambia Idjwi. Akasema, "Kule mananasi yako namna gani wakati huu? Uniletee moja."

Wakuu, hapo nilipata dawa, bila kutafuta. Mutu akikuagiza kitu, maana yake anakungoja.

Nilirudi nyumbani nikachukua watoto wote wawili, tukapita mulango kwa mulango. Kila nyumba. Tuliomba samahani kwanza, halafu tukaaga. "Tunaenda kwa koko, mama yangu, Samedi. Tunarudi wiki inayofuata." Watu walitutukana kidogo, tulistahili. Halafu wakacheka. Mwenye duka alisema tumemufanya afunge duka kabla hajauza hata mukate mmoja, kwa hiyo nanasi lake liwe kubwa kuliko la chef. Neema alikuwa anajibu kila mutu. Bahati alikuwa nyuma yangu, anasikiliza.

Mama Sifa tulimuacha wa mwisho, kwa sababu nilikuwa namuogopa. Alikuwa hajasema na mimi tangu jana yake.

Nikamupa ufunguo wa nyumba. Nikamuambia, "Kuku wangu utawalisha wewe. Na nitaacha nguo kwenye kamba."

Akashika ule ufunguo, anaugeuza geuza. Akasema, "Mimi kwetu niliondoka bila kuaga mutu hata mmoja. Jirani yangu tulikuwa tumepanga kuvuna maharagwe pamoja siku ile. Mpaka leo sijui alinitafuta, ao yeye pia alikuwa ameshaondoka."

Nikamushika mukono tu.

Halafu akajifuta macho na kitenge, akarudi kuwa Mama Sifa. "Nanasi langu lisiwe la soko. Litoke kwenye shamba ya mama yako. Nitajua!"

Tukirudi nyumbani, Bahati akaniuliza, "Mama, kama Mama Sifa anataka nanasi la koko, basi lazima turudi?"

"Lazima."

"Na wa duka?"

"Na yeye pia."

"Na chef?"

"Wote, Bahati."

Akatembea kidogo. Akasema, "Ni mengi." Lakini alisema kama mutu aliyepewa kazi.

Samedi, yaani Jumamosi, tulitoka jua limewaka. Hakuna alfajiri tena, hakuna kunyamaza. Avenue nzima iko inje inatucheka. Kwenye kamba nilikuwa nimeanika kitenge changu cha misa na shati nyeupe la Papa Neema, shati la pekee la heshima alilonalo. Alinung'unika, nikamuambia anyamaze. Tukapita na godoro letu, sufuria inagonga kwenye chuma, ngo ngo ngo, na safari hii hakuna mutu aliyevuta nguo. Hata chef alitoka kuangalia, akajidai anaangalia mbingu.

Bandarini wakalaza velo zetu juu ya bato, tukavuka.

Ya njiani nitafupisha. Idjwi ni vilima na udongo mwekundu. Tulisukuma velo kuliko tulivyozipanda, na Neema alinung'unika kila mupando na kupiga kelele za furaha kila muteremuko. Watoto wa kisiwa walitukimbilia nyuma, wanamuangalia mama kwenye pantalon kama senema. Mvua ilitushika mara moja, tukajificha chini ya migomba, tukala mihogo ya baridi na chumvi. Ilikuwa tamu, Papa Neema mpaka leo anaitaja.

Lakini usiku wa kwanza Bahati alilala na viatu. Nilijilazimisha kuviacha.

Siku iliyofuata tulisimama kwenye kijiji fulani kuziba mupira wa Neema. Velo tumezigeuza juu chini, godoro na sufuria viko kwenye majani, sisi tumechafuka matope. Mama mmoja wa makamo akatoka nyumbani kwake, akatuangalia, akarudi ndani. Mimi nikasema, haya, yameanza tena.

Akatoka na beseni la viazi vitamu vya moto, na nguo za watoto zilizokunjwa juu ya mukono. Akazungumza taratibu, kama unavyozungumza na watu wenye musiba. "Poleni, banangu. Mumetoka Goma? Mumekimbia lini?"

Papa Neema akapangusa matope mikononi. Ukipewa na mutu mwenye moyo hivyo, kukataa ni kumutukana, na kupokea ni uongo. Mimi mwenyewe niliona haya.

Nikasikia sauti nyuma yangu. Bahati. Yule wa kunyamaza.

"Hapana, mama. Hatukimbii. Tunaenda kwa koko. Halafu tutarudi Goma, Mama Sifa anangoja nanasi."

Yule mama akamuangalia. Akatuangalia sisi. "Munatembea tu? Na godoro?"

"Njo vile," Bahati akasema. "Ni vakanse."

Yule mama alicheka mpaka akaweka beseni chini. Akasema watu wa Goma tuna vichwa vibovu. Nguo akazirudisha ndani, viazi akatuachia, tukala na yeye pale pale njiani. Bahati alikula kuliko wote. Mimi nilikuwa natafuna na machozi, nikasema ni moshi, na moshi wenyewe hakuna.

Tulifika kwa koko. Mama yangu aliangalia godoro, akauliza kama mimi nasema kwake hakuna kitanda. Tulikaa, tulikula samaki, tulioga ziwani. Bahati alivua viatu kuingia majini, akavivaa tena alipotoka.

Mananasi alichagua yeye, shambani, moja moja. Hili la chef. Hili la duka, kubwa. Hili la Mama Sifa, na koko ashuhudie kwamba si la soko.

Tulirudi na bato lile lile, velo zimejaa mananasi mpaka godoro lilibebwa kichwani na Papa. Tuliingia kwenye avenue yetu, na sitasahau: watoto wakapiga kelele "Wamerudi! Wamerudi!" Neno hilo, wakuu. Bahati alishuka, akaanza kugawa, mulango kwa mulango, hataki kusaidiwa.

Na kwenye kamba kitenge changu cha misa kilikuwa bado kinapepea, na shati la Papa pia. Nikamuambia Mama Sifa, "Si kulinyesha? Hukuanua?"

Akasema, "Nilianua. Mvua ikiisha nilianika tena. Kila siku. Kamba ikikaa tupu, watu wangesema hamurudi."

Kile kitenge kimepauka upande mmoja. Nakivaa hivyo hivyo kwenye misa, na anayeangalia aangalie.

Asubuhi yake nilitoka kuwasha makala. Juu ya jiwe, mbele ya mulango, niliona viatu vyeusi. Vimeoshwa, matope ya Idjwi yametoka, kamba zimefunguliwa na kutandazwa pembeni. Vinachuruzika maji.

Bahati alikuwa amekaa pale, pekupeku, anakula nanasi.

Papa Neema akatoka nyuma yangu, akaona. Na woga wa Goma ukamutoka mudomoni kabla hajaukamata. "Bahati, umelowesha viatu vyote viwili? Kukitokea kitu, utavaa nini?"

Mutoto hakuinua hata kichwa. "Papa, mimi leo siendi fasi yoyote."

Sasa sisemi amepona, musije mukaniita muganga. Zikilia risasi mbali, siku hiyo anavivaa tena, na mimi simukatazi. Lakini akiona mutu anafunga muzigo, haulizi tena kama tunakimbia. Anauliza, "Umeaga?"

Nilichojifunza ni hiki. Kuna watu walitufanya tuamini kwamba kuondoka kwetu kote ni kukimbia. Mimi nakataa. Nitapakia godoro langu juu ya velo nitakapotaka, jua limewaka, na watoto wangu wamekaa juu. Kama hizo ni mambo za wazungu, basi Mama Sifa ni muzungu, na chef wetu, na yule mama wa viazi.

Ndugu uliyefuta swali, rudi. Uliza porte-bagage, uliza mipira, uliza namna ya kumubembeleza bwana, nitajibu yote. Waliosafiri na watoto hivi, tupeni za kwenu. Na nyinyi wa kucheka, karibuni pia, andikeni.

Mimi niko hapa, nasoma kila moja. Siendi fasi. Nguo zangu ziko kwenye kamba.